Mahame Katika Kinywa cha Mtani

Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa na kawaida ya kuvuka barabara mara mbili ili tu asipite mbele ya kibanda cha fundi baiskeli mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga mjini. Tukitoka nyumbani kwenda sokoni, tukiikaribia kona ya Barabara ya Tisa, alinishika mkono tukahamia upande wa pili, tukapita huku ametazama mbele kama askari wa gwaride, halafu tukarudi upande wetu. Jua liwake, mvua inyeshe, madimbwi yafike kwenye vifundo vya miguu, sisi tulivuka. Na yule fundi, ambaye sijapata kumwona na haraka ya baiskeli ya mtu, aliinua kichwa kutoka kwenye beseni la maji analotafutia pancha na kupaza sauti: "Wapisheni, wa kisima cha chumvi wanapita."

Wateja walicheka. Bibi hakugeuka hata siku moja. Mimi niligeuka kila mara, maana nilikuwa mtoto na nilitaka kujua kisima cha chumvi ni kitu gani, na kwa kuwa nilikuwa navutwa mkono huku nimetazama nyuma, nilijikwaa. Mguu wangu wa kushoto unatazama nje tangu nizaliwe. "Nyoosha mguu," bibi aliniambia. Hayo ndiyo maneno pekee aliyowahi kuyasema kwenye kona ile.

Nilikua nikiamini kwamba yule fundi ni mwehu. Nilipofika umri wa kujua kuwa si mwehu, niliamua kwamba alimposa bibi akakataliwa. Hadithi hiyo niliipenda sana, nikaipamba kwa barua za siri na baba mkali, na nilisikitika mwaka juzi nilipogundua kwamba haina hata chembe ya ukweli.

Mwaka juzi ndipo kamati ya kijiji kimoja cha jirani na Kigombe iliponiita. Pale kijijini wana mahame yao, kati ya mashamba na mikoko: rundo la mawe ya matumbawe hapa, ukuta wa msikiti uliobaki kiunoni pale, minazi michache mirefu isiyopandwa na mtu, na kisima. Watu wa mahame yale walihama wote katika muda wa mwaka mmoja, miaka sitini na ushee iliyopita. Wengine walikuja Tanga mjini, wengine Pangani, wengine walivuka hadi Pemba, na karibu wote wamekwisha kufa. Jina la kijiji chenyewe silitaji, kwa sababu watu wawili waliobaki wanaolijua hawakubaliani, na mimi nawaogopa wote wawili.

Kamati ilikuwa imesikia kwamba siku hizi wageni wanapenda kutembea kwa miguu na kuambiwa mambo ya zamani. Basi wakafyeka njia ya kuzunguka mahame na kuniomba niandike vibao vya kusimamisha kila mahali penye jiwe. Mwenyekiti wa kamati, mtu anayezungumza wakati wote kama yuko mbele ya kipaza sauti, alisema wamenichagua kwa sababu mimi ni mwalimu wa Kiswahili na historia, mwandiko wangu unasomeka, na bibi yangu alizaliwa palepale. Nadhani ile ya mwandiko ndiyo iliyokuwa kubwa.

Nilikwenda kwa bibi na daftari. Aliondoka kule akiwa na miaka saba, lakini alizungumza kama aliyekuwa diwani. Kwa mujibu wa bibi, jumbe wao alikaa kwenye jumba la mawe lenye mlango wa nakshi. Msikiti wao ulisifiwa mpaka Pangani. Maji ya kisima chao yalikuwa matamu hata wasafiri walipindisha safari ili wayanywe. Wanaume wote walikuwa wachaji, wanawake wote hodari, na katika kijiji kizima hapakuwa na mvivu wala mgomvi. Niliandika kila neno kwa furaha. Na hapa lazima niungame: mwana wa mfalme wa Kishirazi nilimtia mimi. Kila mahame ya pwani hii yana Mshirazi wake, na sikuona kwa nini yetu yakose. Nilimpa majahazi saba na mke mzuri, nikamweka kwenye lile rundo kubwa la mawe, na kibao chake nikakipaka rangi ya mafuta kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilipomsomea bibi, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akasema hayo ni ya wageni, yeye haja yake ni moja tu. Alitaka kaburi la mama yake.

Mama yake alifariki mwaka uleule wa kuhama. Kwetu wanawake hawaendi makaburini siku ya mazishi, kwa hiyo jeneza lilipotoka uani, bibi alibaki ndani na wanawake wenzake. Baadaye aliuliza mama amelazwa wapi, na mtu mzima mmoja akanyoosha mkono akasema, "Kule." Baada ya wiki chache walifunga mizigo wakaja mjini. Wanaume waliobeba jeneza lile walikufa mmoja mmoja, na hakuna aliyekumbuka kuwauliza. Miaka yote hii bibi amekuwa akimsomea mama yake Yasini akielekea dirishani, kwa kukisia tu. Sasa jicho moja limeingia mtoto wa jicho na la pili linafuata.

"Nataka nikae kando yake mara moja nikiwa ninaona," aliniambia. "Nataka nimwambie kuwa nilizaa."

Nilikwenda na mwenyekiti Jumamosi mbili mfululizo, kila mmoja na panga lake. Makaburi ya mahame yale hayana maandishi. Yana jiwe la tumbawe kichwani na jiwe la tumbawe miguuni, na pale chini kote ni matumbawe. Kufikia mchana wa Jumamosi ya pili tulikuwa tumeshapata makaburi arobaini na tumeshayakana thelathini na manane, kwamba ni mawe tu. Mwenyekiti alikaa chini, akapangusa jasho, akanishauri kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo kwamba tuchague moja. Bi mkubwa haoni vizuri, alisema, na Mungu anajua nia.

Ningependa kuandika kwamba nilikasirika. Sikukasirika. Nilikaa na wazo lile wiki nzima, na kaburi nilishalichagua, moja zuri lenye kichaka cha mrehani kando yake. Kilichonizuia si uchaji. Nilimwogopa bibi. Mwanamke aliyekuwa akijua nimeonja sukari kwa kunitazama kisogoni asingeshindwa kujua kwamba nimempa mama wa mtu mwingine.

Nilipomwambia mwenyekiti sikubali, alifikiri kidogo, kisha akasema kitu ambacho angekisema tangu mwanzo angetuokolea Jumamosi mbili. Watu wa mahame yale hawakuchimba makaburi yao wenyewe. Waliochimba ni watani wao, Wabondei wa kijiji kimoja cha huko juu upande wa Muheza. Vijiji vile viwili vilipelekeana samaki na mihogo, na inasemekana zamani sana vilipigana vibaya, vikachoka, vikakubaliana kwamba tangu siku hiyo mkono usiinuliwe tena; mwenye hasira atukane, na anayetukanwa acheke. Ukifa, mtani ndiye anakuchimbia. Mtani ndiye anakuja msibani kwako amevaa nguo zako, anatembea kama wewe na kugombana kama wewe, mpaka waliokuwa wanalia wanacheka bila kutaka. Mwenyekiti alisema katika wale wachimbaji amebaki mmoja tu anayemjua yeye, naye ni fundi baiskeli Ngamiani. Barabara ya Tisa.

Nilikwenda Jumatatu baada ya vipindi, bila kumwambia bibi. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, ameinamia beseni, na mbele yake baiskeli imelala matumbo juu. Nilisema shikamoo babu. Hakuinua kichwa. Alitazama viatu vyangu.

"Marahaba," alisema. "Huo mguu naujua."

Kabla sijakaa alikuwa ameshaanza. Nimefundisha historia miaka kumi na sita na sijapata kukutana na mtu mwenye kumbukumbu kama ya yule mzee, wala mwenye adabu chache zaidi. Alisema nyinyi watu wa kule mlikuwa wavivu mpaka minazi yenu ikapinda. Aliyeipanda alikuwa anafuata kivuli kadiri jua linavyozunguka, ndiyo maana mstari wenu umekaa kama mkia wa mbwa, na kila nyumba ilijengwa mkabala na mnazi wake ili mwenye nyumba asihangaike kutembea. Alisema msikiti wenu mliukosea kibla, mkasali mwaka mzima kuelekea karafuu za Pemba, mpaka akaja shehe mgeni akawaambia. Na badala ya kuubomoa mkapanga mawe upya sakafuni, mshazari, mkaendelea. Alisema kisima mlikichimba karibu na bahari kwa sababu hamkutaka kubeba jembe mbali, na chai yenu ilikuwa mchuzi. Mgeni akikunja uso, mliambiana kwamba huyu hajazoea maji matamu.

Niliuliza kuhusu jumba la jumbe. Alicheka hadi akakohoa. Lile rundo ni tanuri la chokaa, alisema. Jumbe alitaka nyumba ya mawe kama ya Pangani, akawachomesha watu chokaa miezi mitatu, halafu kila mtu akawa na udhuru. Chokaa ikanyeshewa. Jumbe alikufa kwenye nyumba ya makuti kama wenzake.

Niliandika yote, na mkono uliniuma. Bibi alinipa sifa kurasa tano na sikupata hata sehemu moja ya kusimamisha mguu. Huyu kwa robo saa ya matusi alinipa kijiji kizima, nyumba kwa nyumba. Kibao cha Mshirazi kilikuwa kimeshakauka rangi.

Mwishowe niliuliza kuhusu kaburi. Aliweka spana chini. Alisema analijua, maana baba yake ndiye aliyechimba na yeye, akiwa na miaka kumi na mitatu, alikuwa anabeba mchanga kwa karai. Akaniambia pia kilichotokea kabla ya hapo. Asubuhi ya msiba baba yake aliingia uani amevaa kanga ya marehemu, kama ilivyo haki yake, akaanza kumwigiza. Watu wazima wote walicheka na kulia. Mtoto mmoja wa kike wa miaka saba, ambaye hakuna aliyemweleza, aliokota kifuu akamrushia, kikampata juu ya jicho. Baba yake alikwenda na kovu lile mpaka kaburini na alilipenda sana.

"Nionyeshe, babu," nilimwambia.

"Nitamwonyesha mwenyewe," alisema. "Lakini kwanza anijibu. Miaka yote hii namtukana na hajanirudishia hata neno. Mtani asiyejibiwa anakuwa mtukanaji tu."

Nilirudi nyumbani nikalileta jambo kwa kuzunguka, kuanzia bei ya nyanya. Bibi alinikatiza kwenye vitunguu. Alijua nilikotoka; nguo zangu zilinuka solusheni ya viraka. Nilimweleza maana ya utani na alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nisimfundishe. Anaujua. Amewaona watani kwenye misiba ya watu na amecheka mpaka ametokwa machozi.

"Lakini yule ni mtoto wa mtu aliyecheza na nguo za mama yangu hata hazijakauka," alisema, na nikaona kwamba bado ana miaka saba na kifuu kiko mkononi.

Basi nilifanya kile ninachowachapia wanafunzi wangu. Nilidanganya pande zote mbili. Nilimwambia bibi kwamba njia itafunguliwa siku fulani, aje akae kwenye kiti cha heshima, na kwamba fundi ameugua mgongo. Nilimwambia fundi kwamba bibi amelainika na atajibu. Jambo likiharibika nilikuwa tayari kumsingizia mwenyekiti.

Siku yenyewe tuliwakuta watu kama thelathini, wanakijiji na wageni wachache kutoka mjini wenye kofia pana. Mwenyekiti alihutubia minazi na watu. Bibi alivaa baibui lake la Idi, fimbo mkono mmoja, mkono wangu kwenye wa pili. Tulikuwa tumeanza kutembea pikipiki ilipofika, na nyuma ya dereva ameketi fundi, kanga imefungwa kiunoni juu ya suruali na kapu kuukuu la samaki mapajani. Bibi hakumtambua kwa macho. Alimtambua aliposema, "Wapisheni wa kisima cha chumvi."

Bibi alinishika mkono kwa nguvu ileile ya zamani, akavuta. Lakini kulikuwa na kinjia kimoja tu na miba kulia na kushoto. Safari hii hapakuwa na upande wa pili.

"Mgongo umepona," alisema bibi, kwangu mimi, na nilijua hilo litalipwa nyumbani.

Kwenye kibao cha kwanza nilisoma habari za Mshirazi. Nilisoma vizuri, kwa sauti ya darasani. Nilipofika kwenye jahazi la tano, fundi alikuwa ameshakaa juu ya jumba la mfalme akicheka, akapiga mawe kwa kiganja na kuwaambia wageni kwamba mfalme huyu alikuwa chokaa na mvua ilimwua. Akawaonyesha weusi wa moto kwenye mawe ya chini. Wageni waliokuwa wakiandika walifuta walichoandika. Mwenyekiti alininong'oneza kwamba mzee aondolewe. Tulipofika msikitini, fundi akawasimamisha watu kwenye kibla cha ukuta, kisha akawageuza kwenye mistari ya mawe ya sakafuni, mpaka kila mtu akaona kwa miguu yake kwamba kuta na swala hazikupatana. Mwenyekiti mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho kwa hotuba yake. Sikuthubutu kusoma kibao cha tatu.

Kisimani fundi alivuta maji kwa kopo akawaonjesha wageni, akawashauri waliokuja na samaki wabichi wasihangaike na chumvi. Nilimtazama bibi. Alikuwa amekaza uso, lakini shavu lilikuwa linamcheza. Nilijifanya sijaona.

Kutoka pale tulifuata minazi, na kweli mstari ulipinda kama alivyosema. Kwenye kila mnazi alitaja aliyekaa mkabala: hapa fulani aliyekoroma hata popo wakahama, hapa fulani aliyekuwa na mashua mbili na zote zimetoboka. Wale wanakijiji waliokuwa wamepita pale maisha yao yote wakikata kuni walianza kutazama vichaka kwa adabu, kana kwamba wenyewe wametoka kidogo tu. Kwenye mnazi wa saba alisema hapa alikaa mwanamke mbishi kuliko wote wa pwani hii, aliyeweza kubishana na ngalawa. Mkono wa bibi ulitulia ndani ya wangu.

Fundi aliacha mstari, akaingia msituni hatua kama thelathini, sisi nyuma yake. Alisimama kwenye kibonde kilichojaa majani makavu. Hapa baba yangu alianza kuchimba, alisema, akagonga mwamba. Akasogea mpaka kibonde cha pili. Hapa tena, mwamba. Hata akiwa maiti alikuwa anabisha. Halafu akaweka kapu chini, akakaa kwenye gogo, akafunga mdomo.

Watu walidhani anapumzika. Mimi nilijua anasubiri, na niliogopa, maana yule mzee ana miaka karibu themanini na bibi jicho linafunga, na kama bibi angegeuka pale akarudi garini, basi tena. Nilijuta kudanganya. Mwenyekiti alikunja hotuba yake akaitia mfukoni.

Bibi aliutoa mkono wake mkononi mwangu.

"Baba yako," alisema, na sauti yake ilikuwa kavu, "alichimba la kwanza akachoka, la pili akachoka. Mikono ya kuchuma kisamvu itajua wapi jiwe? Na ile kanga ya mama aliondoka nayo. Akamvika mkewe, na mama yako siku hiyo moja alifanana na mtu."

Fundi alimtazama, mdomo wazi, kisha akaanza kucheka, kicheko kirefu cha mtu aliyetua mzigo, huku anapiga goti lake na kusema alhamdulillahi, alhamdulillahi. Alipopata pumzi alinyoosha kidole.

"La tatu ndilo hilo ulilochomekea fimbo, mtani. Umesimama miguuni pake."

Bibi alitazama chini. Kulikuwa na majani tu. Alipiga magoti, mimi nikimshika kwapa, akafagia majani kwa kiganja mpaka akalikuta jiwe la miguuni, akatambaa akalikuta na la kichwani. Alikaa hapo. Wanaume walivua kofia wasizopaswa kuvua na wakavaa upya, tukainua mikono sote, tukasoma Fatiha. Baadaye bibi aliinama akasema na ardhi kwa sauti ndogo. Nilisikia neno moja, nalo ni lile nililolitarajia.

Nilifikiri tumemaliza. Bibi akainua uso kuelekea kwenye gogo.

"Baba yako alipovaa ile kanga alifanya nini? Mimi nilifumba macho."

Fundi alisimama, akakaza kanga kiunoni, akaweka kapu kichwani, akatembea. Sikuwahi kumwona mtu yule akitembea hivyo. Mkono mmoja kiunoni, kidevu juu, nyonga zinabisha na dunia, na mguu wa kushoto umetazama nje. Akafika kwenye mnazi, akaweka kiganja juu ya macho, akaita mtoto kwa sauti nyembamba yenye kuchoka, sauti ya mama anayejua kwamba hatasikilizwa: njoo ule, samaki wanapoa, sikuiti tena. Halafu akaita tena.

Aliyajua yale kwa sababu baba yake alikuwa akiyarudia nyumbani kila walipokumbuka watani wao wa pwani, na walikuwa wakicheka, na yeye akayashika kama mtoto anavyoshika wimbo. Sisi nyumbani hatuna picha ya mama yake bibi. Bibi mwenyewe aliwahi kuniambia kwamba uso wa mama yake ulimtoka kichwani akiwa hajafika hata miaka kumi na miwili, na kwamba kuna siku aliwahi kujiuliza kama ni kweli aliwahi kuwa naye. Niliutazama mguu wangu ndani ya kiatu. Nililia pale mbele ya kamati nzima, na sioni aibu.

Bibi hakulia. Alikuwa amejisogeza mbele, kichwa kimeinama upande wa lile jicho zima.

"Rudia," alisema.

Fundi alirudia.

"Rudia tena. Polepole, macho yangu mabovu."

Alirudia mara nne, mzee wa watu, mpaka kapu likamponyoka.

Vibao vyangu niliving'oa mwenyewe. Mshirazi sasa ni ubao wa kukatia mboga nyumbani kwa mwenyekiti. Niliandika vipya kwa maneno ya fundi, nimepunguza makali mawili matatu kwa ajili ya watoto wa shule, na kamati inasema wageni wanasimama mbele ya tanuri la chokaa wakicheka na wageni wenzao wasiowajua. Kwenye kaburi hatukuweka kibao. Bibi aliotesha mrehani.

Kuhusu uongo wangu, alininyamazia siku tatu. Siku ya nne alifungua sanduku lake, akatoa doti ya kanga ambayo hajaivaa hata mara moja, akaniambia hii nisiiguse. Ni ya yule mla kisamvu. Siku yake mwenyewe bibi ya kufa ikifika, nimpelekee fundi avae, asije akamwigiza na matambara mbele za watu. Nilimuuliza itakuwaje akitangulia fundi, mkubwa wake kwa miaka sita. Bibi alichukua beseni la kufulia, akalikalia mkao wa kigoda, akainama na kukohoa na kunikaripia kuhusu pancha, kwa sauti ambayo ningeapa inatoka Barabara ya Tisa.

Siku hizi tukienda sokoni hatuvuki. Tunapita mbele ya kibanda, bibi anatukanwa, anajibu, na maneno yao mengine siwezi kuyaandika hapa. Lakini bibi, ambaye magoti yake ni mazima kuliko yangu, amekuwa akienda taratibu mno tukifika pale, kidevu juu, mkono kiunoni. Wiki iliyopita tulipita, tukafika hadi duka la pili, akasimama, akaniambia turudi. Tulirudi mpaka mwanzo wa kona tukapita upya, hatua kwa hatua, mbele ya fundi aliyeinua kichwa na kutazama kimya. Nilimuuliza kuna nini.

"Mara ya kwanza alikuwa ameinamia beseni," alisema bibi. "Hakuniona."